Kaka ameleta vitamini E ya kutibu saratani ya baba. Nimpe?

MUULIZE MAMA MFAMASIA

Mama Mfamasia, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Tanga, mtoto wa tatu kwetu. Baba ana miaka 67. Alikuwa dereva wa lori tangu ujana wake, Tanga, Arusha, Mwanza na kurudi, na sigara aliianzia huko huko barabarani, usiku, ili asisinzie. Kwa hesabu yetu sisi watoto, amevuta zaidi ya miaka 40.

Mwaka jana alianza kukohoa na kukonda. Kituo cha kwanza tulichomfikisha walisema ni kifua kikuu, wakamwanzishia dawa ingawa makohozi hayakuonyesha kitu. Akameza miezi minne. Kikohozi kikabaki pale pale, na siku moja asubuhi akatema damu. Ndipo tukapelekwa hospitali kubwa, akapigwa picha ya kifua, akaingizwa kwenye mashine ya CT, wakachukua kinyama wakapeleka maabara. Jibu likarudi: saratani ya mapafu, hatua ya tatu. Sasa nimeomba ruhusa kazini, tuko Dar es Salaam kwa shangazi, na Jumatatu ijayo anaanza mionzi pamoja na dripu za dawa pale Ocean Road.

Kaka yangu mkubwa anafanya kazi Muscat. Amekuja wiki iliyopita kumwona mzee, na amekuja na begi la vitamini E. Chupa nne za kapsuli za uniti 400 (IU, kipimo cha vitamini, si mg), chupa mbili za uniti 1000, na kichupa kimoja kidogo kilichogharimu kuliko vyote, kimeandikwa tokotrienoli, eti inatolewa kwenye mafuta ya mawese. Kwa pesa zetu kinakaribia laki mbili. Anasema ameona video ya daktari mmoja akieleza kwamba wanasayansi wa Marekani wamegundua vitamini E inaua seli za saratani ya mapafu. Anataka mzee ameze asubuhi, mchana na jioni, ili apate nguvu za kuihimili mionzi.

Mimi nilisita. Nikazificha chupa kabatini. Kaka amekasirika, na juzi mbele ya shangazi akaniambia, "Wewe unataka baba afe ili mradi umefuata ya hospitali." Tangu siku hiyo sijapata usingizi. Mama yetu alishatangulia mbele za haki, kwa hiyo hakuna wa kutuamua.

Mzee mwenyewe anasema atameza chochote watakachompa wanawe. Anatumia dawa za presha na ile aspirini ndogo ya kila siku. Sigara amepunguza sana, siku hizi ni mbili au tatu tu, tunamwonea huruma, hatumnyimi. Kaka naye hukaa naye uani wakavuta pamoja huku wanazungumza. Yeye anavuta pakiti nzima kwa siku, na hiyo vitamini E anaimeza kila asubuhi, anasema inasafisha mapafu.

Niambie ukweli, Mama. Vitamini E inatibu? Kama haitibu, ina ubaya gani? Na kama ubaya uko kwenye kapsuli, nimpikie tu kwa mawese?

Mtoto wa tatu, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na poleni sana nyote. Mfikishie mzee salamu zangu.

Nianze na la haraka, kwa sababu Jumatatu iko karibu: usimpe. Si zile za 400, si za 1000, wala kile kichupa cha laki mbili. Ziache humo kabatini hadi siku ya kliniki, kisha zitie zote kwenye mfuko umwonyeshe daktari wa mionzi. Ulipozificha hukumnyima baba yako dawa. Ulimkinga.

Sasa nieleze sababu, na nitaeleza kwa kirefu. Najua huwezi kurudi kwa kaka yako na jibu la "Mama Mfamasia kakataa". Unahitaji maneno yenye uzito, na kaka yako si mtu wa kudharau. Hata video yake ina ukweli ndani yake. Ngoja tuanzie pale alipo sahihi.

Vitamini E si kitu kimoja. Waliitambua Herbert Evans na Katharine Bishop mwaka 1922 huko Berkeley, California, walipoona panya waliokosa kitu fulani katika chakula wanashika mimba lakini mimba hazifiki. Ndiyo maana jina lake la kitaalamu, tokoferoli, linatokana na maneno ya Kigiriki yanayohusu kuzaa. Baadaye ikajulikana kuwa ni ukoo wa ndugu wanane: tokoferoli nne na tokotrienoli nne, kila upande una alfa, beta, gama na delta yake. Sura zao zinakaribiana, tabia zinatofautiana. Kazi yao inayojulikana zaidi ni kuzuia mafuta yasichache. Ndiyo inayoyalinda mafuta ya alizeti ndani ya chupa, na ndani ya mwili ndiyo inayolinda mafuta yaliyo kwenye kuta za seli.

Ini letu, hata hivyo, lina upendeleo. Lina protini maalumu inayochagua alfa-tokoferoli na kuirudisha kwenye damu, na wale saba waliobaki huvunjwavunjwa wakatolewa upesi. Tena ukimeza alfa kwa wingi, gama iliyokuwa kwenye damu inashuka. Hebu geuza zile chupa sita kubwa usome mgongoni. Karibu nina hakika utakuta neno moja tu: alfa-tokoferoli.

Shika hilo, kwa sababu ndipo video ilipomwacha kaka njiani. Utafiti wa Marekani upo kweli. Katika Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, kikundi cha mtafiti Chung S. Yang kiliwapa panya mchanganyiko wa tokoferoli wenye gama nyingi, na panya hao walikuwa wametiwa sumu zilezile zinazopatikana kwenye moshi wa sigara. Vivimbe vya mapafuni vikapungua. Wakachukua panya wengine, wakawapandikiza seli za saratani ya mapafu ya binadamu, na hapo delta ndiyo iliyozuia uvimbe usikue kuliko wenzake wote. Alfa haikufua dafu. Huko Detroit nako, watafiti waliimwaga delta-tokotrienoli juu ya seli za saratani ya mapafu maabara, na seli zikaacha kuongezeka, nyingine zikafa.

Kwa hiyo hata wale wanasayansi wanaoiamini vitamini E hawasemi habari ya kapsuli alizonunua kaka. Wanasema habari ya ndugu wengine wa ukoo.

"Basi tumpe kile kichupa kidogo," atakuambia. Mwambie hivi. Maabara, dawa inamwagiwa seli moja kwa moja. Haipiti tumboni, haipiti kwenye ini lenye upendeleo niliokueleza. Na panya si mzee wa miaka 67 mwenye presha. Mimi nafurahi kwamba utafiti huo unafanyika, na natamani siku moja uzae dawa ya kweli. Lakini hakuna jaribio kubwa la binadamu lililoonyesha kwamba gama, delta au tokotrienoli inazuia au inatibu saratani ya mapafu. Anayeiuza kwa laki mbili anauza tumaini la maabara kwa bei ya dawa iliyothibitishwa, na hilo linaniuma, kwa sababu wanunuzi wake ni watu kama ninyi, mliokwisha uza vitu ndani ili mpate nauli ya kufika Dar.

Alfa yenyewe, ile ya chupa kubwa, haihitaji kubahatisha. Ilishajaribiwa kwa watu. Na watu waliojaribiwa walikuwa kina baba yako.

Ilikuwa Finland, kuanzia mwaka 1985. Watafiti waliwachukua wanaume 29,133 wa umri wa miaka 50 hadi 69, wote wavuta sigara. Kwa wastani walikuwa wanavuta sigara 20 kwa siku na wameshavuta miaka 36. Unamwona mzee wako hapo? Matumaini yalikuwa makubwa, na hayakuwa ya kijinga. Tafiti nyingi zilikuwa zimeonyesha kwamba watu wanaokula matunda na mboga kwa wingi hupata saratani ya mapafu kidogo, na moshi wa sigara unajulikana kwamba unababua seli kwa chembe haribifu ambazo vitamini hizi huzituliza. Ilionekana kama hesabu ya kujumlisha tu. Wengine wakapewa vitamini E, alfa-tokoferoli, mg 50 kila siku. Wengine beta-karotini, ile inayotia karoti na mawese rangi. Wengine vyote viwili. Wengine kidonge kitupu kisicho na kitu. Wakafuatiliwa kati ya miaka mitano na minane.

Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliopewa vitamini E walikuwa wamepata saratani ya mapafu watu 433, na ambao hawakupewa 443. Ukitazama wingi wa watu wale, hiyo si tofauti. Kwa beta-karotini ilikuwa mbaya zaidi: 474 kwa 402, yaani waliomeza waliugua zaidi kwa asilimia 18. Jaribio jingine la Marekani lililotumia beta-karotini na vitamini A kwa wavuta sigara na watu waliofanya kazi na asbesto lilisimamishwa Januari 1996, kabla ya muda wake, kwa sababu waliomeza walikuwa wanaugua na kufa zaidi.

Kuna jambo moja katika utafiti huo wa Finland ambalo hunirudia kila mteja akiniuliza habari za vitamini. Wanaume walioingia kwenye jaribio wakiwa tayari na vitamini E nyingi kwenye damu, waliyoipata kwa kula, waliugua saratani ya mapafu kidogo kuliko wenzao. Kidonge hakikuwapa wengine kinga hiyo. Mtu mwenye vitamini E nyingi kwenye damu ni mtu anayekula namna fulani, pengine anaishi namna fulani. Huwezi kuyakamua maisha hayo yote ukayatia kwenye kapsuli.

Umeniuliza pia: kama haitibu, ina ubaya gani? Hapa ndipo nataka kaka akae chini asikilize.

Baba yako tayari ana uvimbe. Seli za saratani huishi kwa taabu. Kukua kwao kwa kasi kunazalisha hizo chembe haribifu ndani yao wenyewe, na taabu hiyo inaziamsha protini za ulinzi, mojawapo ikiitwa p53, ambazo huzisimamisha. Mwaka 2014 watafiti wa Göteborg, Sweden, waliokuwa na Martin Bergo, waliwapa vitamini E panya waliokwisha kuwa na uvimbe mdogo wa mapafu. Uvimbe ukakua haraka zaidi, na panya wakafa mapema. Vitamini ilikuwa imezipunguzia taabu seli za saratani, na mlinzi p53 akalala. Mwaka 2019 kikundi hicho kikaonyesha kwamba dawa za aina hii zinaweza pia kuisaidia saratani ya mapafu kusambaa kwenda viungo vingine. Mvua ikinyesha shambani haichagui mahindi, na magugu nayo hunywa.

Nimesema mwenyewe kwamba panya si mzee, na nitalisimamia hilo hata pale linaponipinga. Kwa hiyo chukua na ushahidi wa watu. Mionzi atakayopigwa baba inafanya kazi kwa kuzalisha chembe hizo hizo haribifu ndani ya uvimbe, ili zikate vinasaba vya seli za saratani. Huko Quebec, Kanada, wagonjwa 540 wenye saratani ya kichwa na shingo walikuwa wanapigwa mionzi. Nusu yao walipewa vitamini E ya 400 kila siku, wakati wa mionzi na miaka mitatu baada yake. Katika muda wa kumeza, hao ndio waliopata zaidi saratani ya pili, na vifo vyao vikazidi vya wenzao. Baadaye watafiti walipozichambua takwimu upya, wakakuta kwamba madhara yalikuwa yamewaangukia wale waliokuwa wakivuta sigara huku wanapigwa mionzi.

Soma sentensi hiyo mara ya pili, kisha fikiria kule uani kwa shangazi.

Lipo na la damu. Vitamini E kwa wingi inapunguza uwezo wa damu kuganda. Baba ana presha, anameza aspirini kila siku, na ameshatema damu. Kule Finland waliomeza vitamini E walikufa zaidi kwa kiharusi cha kuvuja damu kichwani, na kipimo chao kilikuwa mg 50 tu. Kapsuli moja ya uniti 400, ikiwa ni ya asili, ni mg 268. Tatu kwa siku sitaki hata kuzijumlisha. Na kwa kuwa tumefika hapo: Jumatatu mkumbushe daktari kuhusu hiyo aspirini, umuulize kama aendelee nayo wakati huu. Usiisimamishe wewe mwenyewe, uliza tu. Mambo ya damu na aspirini mara nyingi hupita bila kutajwa, kwa sababu kila anayemhudumia anadhani mwenzake ameshauliza.

Mawese mpikie. Mchuzi wa mawese ya Kigoma, samaki, mchicha wenye karanga, mpikie bila hofu. Mtu mzima anahitaji mg 15 za vitamini E kwa siku. Kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti kina karibu mg 5 au 6, konzi ya mbegu za alizeti ina karibu mg 7, na karanga na parachichi huongezea. Ukiwa unampikia, chungu chako kinatosha. Ninachokuomba tu usiyageuze mawese kuwa dawa, yaani kumnywesha vijiko asubuhi na jioni. Yana beta-karotini nyingi, na umeona ilivyowafanya wavuta sigara ilipotolewa kama dozi. Yabaki kuwa mboga.

Jiandae na jambo jingine la jikoni. Mionzi ya kifua mara nyingi huunguza njia ya chakula kwa muda, na wiki ya pili au ya tatu mgonjwa anaweza kulalamika kwamba kumeza kunachoma. Anza mapema kuzoea vyakula laini: uji wa ulezi uliotiwa karanga za kusaga na maziwa, mtori, viazi vya kuponda, supu ya samaki isiyo na pilipili wala ndimu. Visiwe vya moto. Akishindwa kumeza hata uji, msisubiri siku ya kliniki, rudini wodini siku hiyo hiyo. Uzito anaopoteza wakati wa matibabu ni vigumu kuurudisha, na wapo wanaolazimika kusimamisha mionzi kwa sababu ya udhaifu tu. Kaka anataka kumpa mzee nguvu za kuihimili mionzi, na nguvu hizo ziko kwenye sufuria ya shangazi.

Sasa sigara.

Mwanangu, umeiandika kwa mistari miwili, katikati ya mambo mengine, na ndiyo iliyonishika kuliko begi zima la vitamini. Nakuelewa. Unamwona mzee amekonda, amebakiwa na starehe moja, unasema na hiyo nimnyime, itamsaidia nini tena, saratani si tayari anayo? Familia nyingi husema hivyo, na hata baadhi ya wahudumu wa afya hunyamaza kwa sababu hiyo hiyo.

Inamsaidia, tena sana. Moscow, watafiti waliwafuatilia watu 517 waliokuwa bado wanavuta sigara siku walipoambiwa wana saratani ya mapafu, kuanzia hatua za mwanzo hadi ya tatu A. Wengine wakaacha, wengine wakaendelea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: walioacha waliishi muda mrefu zaidi, na tofauti katikati ya makundi hayo mawili ilikuwa karibu miezi 22. Miezi 22, mwanangu. Hakuna kapsuli ndani ya begi lile inayoweza kutamka namba ya namna hiyo. Siwezi kukuahidi kwamba baba yako ndiye atakayeipata. Hatua yake, mwili wake na majibu ya matibabu vina maneno yao. Lakini kama mnatafuta kitu ambacho familia inaweza kuongeza juu ya kazi ya madaktari, kipo, na ni bure.

Usimnyang'anye. Mtu aliyevuta miaka 40 hawezi kuachishwa kwa kunyang'anywa, ataomba kwa jirani. Kaa naye, umweleze ulichokisoma hapa, na umwachie yeye aamue, kwa sababu ni mapafu yake na ni heshima yake. Halafu Jumatatu mwambie daktari waziwazi kwamba bado anavuta. Msione haya, wala mzee asione haya. Hakuna anayemlaumu kwa tabia aliyoianzia kwenye usukani ili asimuue mtu barabarani kwa usingizi. Uliza habari ya mabandiko ya nikotini au zile bigijii za nikotini. Kiu ya sigara ikija hukaa dakika chache ikapungua. Hizo dakika apewe kitu mkononi, kikombe cha chai, tasbihi, redio, mjukuu. Na yeyote anayevuta mbele yake anamrudisha nyuma.

Nimefika kwa kaka.

Huyu kijana amepanda ndege kutoka Muscat na mshahara wake umeishia ndani ya begi. Anajua ataondoka karibuni, na hatakuwapo wakati baba anatapika usiku. Maneno aliyokuambia mbele ya shangazi ni mabaya, na una haki ya kuumia. Lakini nadhani yalikuwa maneno ya mtu anayeogopa. Msijibizane tena mbele za watu. Mchukue pembeni, wawili tu, au mwombe shangazi awakalishe kwa kuwa ndiye mkubwa aliyebaki, na uanze kwa kumwambia kwamba yale ya Rutgers ni kweli. Mpe hiyo haki yake kwanza. Halafu mweleze Finland. Halafu Quebec.

Kisha mpe kazi. Mwanaume aliyetoka mbali akiwa na hofu anahitaji kazi ya kufanya. Chupa ambazo hazijafunguliwa azirudishe dukani kama watazipokea. Pesa za zile ambazo angenunua mwezi ujao ziwe nauli ya kwenda na kurudi hospitali, maziwa, samaki, na kumchangia shangazi umeme na maji. Mionzi ni ya kila siku za wiki, kwa wiki kadhaa. Teksi peke yake itawamaliza.

Na ya kwake mwenyewe. Vitamini E haisafishi mapafu ya mtu anayevuta pakiti kwa siku, wale Wafini 29,133 wameshatujibu. Zaidi ya hapo, Marekani na Kanada waliwachukua wanaume 35,533, na sehemu yao wakapewa vitamini E ya 400 kila siku, kama anayomeza yeye. Saratani ya mapafu haikupungua, na ripoti ya mwaka 2011 ikaonyesha kwamba saratani ya tezi dume iliongezeka kwa asilimia 17 kwa waliomeza vitamini E peke yake. Mwaka 2022 jopo la Marekani linalotoa miongozo ya kinga lilishauri waziwazi kwamba vitamini E isitumike kwa ajili ya kuzuia saratani wala maradhi ya moyo. Kinachosafisha, kwa maana ya kupunguza hatari, ni kuacha. Baada ya miaka kama 10 bila sigara, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea. Kaka yako bado ana miaka 10 mbele yake, inshallah na zaidi. Wakiacha siku moja, yeye na baba yake, Jumapili kabla ya mionzi kuanza, mzee hatakuwa peke yake katika hilo, na kaka atakuwa amempa kitu kisichobaki kwenye begi. Akirudi Muscat wapigiane simu kila jioni kuulizana, "Leo umevuta?"

Kuhusu miezi minne ya dawa za kifua kikuu, najua inakukaa rohoni. Kikohozi, kukonda, damu, dalili ni zilezile, na huku kwetu kifua kikuu ni kingi kiasi kwamba ndicho kinachofikiriwa kwanza. Wanaosoma hapa nawaomba hivi: mtu aliyevuta sigara miaka mingi akimeza dawa za kifua kikuu miezi miwili bila nafuu, na makohozi hayakuonyesha vijidudu, mrudisheni, muulize kama anahitaji kipimo kingine. Wewe usijilaumu. Ulimpeleka, na alipotema damu ukampeleka tena.

Jumatatu, basi, ubebe mfuko wenye chupa zote saba, dawa zake za presha, aspirini, na karatasi yenye maswali yako, kwa sababu ukiingia chumbani kwa daktari utayasahau. Wiki ya kwanza ikiisha niandikie tena, unieleze anakula nini na anamezaje.